Nilimsomesha Mume, Sasa Zamu Yangu

Mliokuwa nami wiki iliyopita mtakumbuka niliwaacha mlangoni. Mume wangu kashika ufunguo, nyuma yake wageni watatu kutoka chuoni, na mbele yao sebule tupu, haina hata mto wa kuegemea.

Kwa wewe unayenikuta leo, habari yenyewe ni hii. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya watoto viziwi. Mume wangu ni Daktari, wa vitabu, si wa sindano. Udaktari huo niliulipia mimi. Tulikubaliana, tena mbele ya wazazi wake, kwamba atangulie yeye, akimaliza nifuate mimi. Nikakopa kwenye chama cha akiba cha walimu, nikafundisha masomo ya jioni, nikavaa viatu mpaka vikaanza kucheka kwa mbele. Akamaliza. Akavaa joho. Akapata kazi chuoni.

Zamu yangu ilipofika, akaniambia nyumba moja daktari mmoja anatosha.

Basi nikauza makochi.

"Makochi yako wapi?" aliuliza, kwa sauti yake ya darasani, ile ya kumhoji mwanafunzi aliyechelewa.

"Yamekwenda chuo," nikamjibu.

Wageni wakatazamana. Mume wangu akacheka kicheko cha kuazima.

"Mke wangu huyu ana utani. Yako kwa fundi, yanabadilishwa vitambaa."

Hapo ningeweza kumstiri. Mke mwema, wanasema, humfunika mumewe kama kawa lifunikavyo chakula. Lakini nilikuwa nimemfunika kwa miaka, kawa lenyewe limeshatoboka.

"Fundi gani tena, mume wangu? Makochi yameuzwa. Ada yangu ya mwaka wa kwanza imelipwa leo asubuhi. Karibuni ndani, shemeji zangu, benchi la jikoni lipo."

Wakaingia. Wangefanyaje? Wakakaa watatu kwenye benchi moja kama wanafunzi wanaosubiri adhabu, kila mmoja na soda yake. Mmoja aliponyanyuka kutafuta mahali pa kuweka chupa, benchi likainuka upande wake, na mgeni mnene aliyekaa pembeni akaenda chini. Soda ikammwagikia tumboni. Nikampa kitambaa, naye akajifuta huku akicheka mwenyewe.

"Shemeji," akaniuliza, "kiti chetu kimeliwa na somo gani hilo?"

"Hesabu kwa watoto viziwi," nikasema. "Lugha ya alama ina ishara ya mama, ya mvua, ya njaa. Ukifika kwenye hesabu, maneno mengi hayana ishara. Mwalimu anabaki kutaja herufi moja moja kwa vidole mpaka kengele inalia. Sasa watoto wameanza kujitungia ishara zao. Wa kwangu wakitaka kusema 'sehemu' wanaigiza kuvunja chaki. Wakitaka kusema 'jibu si sahihi' wanaigiza uso wangu nikiwa nimenuna."

Wakacheka wote, isipokuwa mmoja. Mnamjua.

"Nataka nizunguke shule zote nizikusanye ishara hizo. Nione zipi zinamfungua mtoto akili na zipi zinampoteza. Waliozitunga wakimaliza shule wataondoka nazo, na watakaofuata wataanza upya gizani."

Yule mnene akaweka chupa chini.

"Daktari, mbona hukutuambia una mtafiti ndani ya nyumba?"

"Mambo madogo madogo ya shuleni tu hayo," mume wangu akasema. "Nyweni soda."

Mambo madogo madogo. Ndugu msomaji, sentensi ile ilinichoma kuliko makofi.

*

Wageni walipoondoka, alifunga mlango kwa ustaarabu mkubwa. Akikasirika kweli, mume wangu hufunga milango polepole.

"Umenivua nguo mbele ya wakubwa zangu."

"Nimeuza makochi. Nguo zako bado sijaziuza."

"Unamjua uliyemwangusha? Ni mkuu wa idara yangu!"

"Basi amejua mkeo ana akili. Hasara iko wapi?"

"Hasara? Mtoto wetu yuko bweni. Ada yake nani ataitoa ukianza kuzunguka na kamera kupiga picha mikono ya watu?"

"Ulipokuwa unasoma wewe, mtoto alikuwa anasoma kwa upepo? Nani alilipa?"

Akaanza kulegeza tai.

"Nakuuliza, mume wangu. Nani alilipa?"

"Udaktari si kiatu, kwamba kila mtu avae!"

"Kweli si kiatu. Ungekuwa kiatu ningekuvua sasa hivi."

Akatoa simu mfukoni. Nilidhani anampigia rafiki yake. Kumbe anampigia baba yake.

*

Baba mkwe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu mpaka mgongo wake ulipomstaafisha. Ni mtu wa maneno machache, na kila neno lake lina uzito wa gunia. Alifika siku ya pili mchana, akakaa kwenye lile lile benchi, katikati kabisa, maana ameona mengi na hadanganywi na benchi.

Akamsikiliza mwanawe. Akanisikiliza mimi. Kisha akauliza.

"Hayo makochi yalinunuliwa kwa fedha ya nani?"

"Tulinunua, baba," mume wangu akasema.

"Sikuuliza kama mlinunua. Lori lina usukani mmoja. Nani alilipa?"

Mume wangu akatazama sakafu. "Yeye."

"Basi ameuza chake. Na yale makubaliano ya zamu, mimi nilikuwepo. Mgongo umezeeka, masikio hayajazeeka. Uliahidi."

Nikataka kupiga kigelegele palepale. Nashukuru nilijizuia, kwa sababu mzee hakuwa amemaliza.

"Lakini wewe, mwanangu," akanigeukia, "nakuomba uache."

"Baba?"

"Uache. Haki unayo, sibishi. Lakini nimepita barabara nyingi. Nimeona gari lenye haki ya njia limelala mtaroni, na dereva wake ndani kafa na haki yake. Mpishe mwenzio. Kazi unayo, mshahara unao. Karatasi ya nini tena katika umri huu?"

Mume wangu akainua uso. Alikuwa anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeona mvua inanyesha upande wa shamba lake.

Nikapiga magoti, ndivyo ninavyozungumza na mzee yule siku zote.

"Baba, heshima yako iko palepale ilipokuwa siku uliyonipokea. Ukiugua nitakuuguza. Ukiniita nitakuja. Lakini kwa hili, baba, sitakutii."

Mzee akaweka mikono magotini.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mzee akasema.

"Nitachechemea, baba. Ila nitachechemea kuelekea chuoni."

Akanyanyuka. Chai niliyomwandalia hakuigusa. Mkwe akiondoka bila kugusa chai yako, huhitaji mkalimani.

Nisiwadanganye, nililia. Nililia jikoni nikiosha kikombe ambacho hakikuchafuka. Mzee yule ananipenda, nami nampenda, na nilikuwa nimemrudisha kwake na njaa. Kisha nikaosha na uso, nikachukua daftari zangu, nikaenda kufundisha.

Kesho yake mume wangu akasema ana semina mji mwingine, ya wiki moja. Akafunga sanduku. Nilimtazama akipakia suti zake, viatu vyake, picha yake ya mahafali, ile kubwa ya fremu, na mwishowe pasi ya umeme.

"Huko kwenye semina mnapigiana pasi?" nikamuuliza.

Akabeba sanduku, akatoka. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Pasi haikurudi, wala mwenye kuibeba.

*

Sasa niwaeleze jambo ambalo wasiosoma hawalijui, na waliosoma hawapendi kulisema. Ada ni kiingilio cha mlangoni tu. Ngoma yenyewe iko ndani, na ndani kila hatua inalipiwa. Kibali cha utafiti, unalipa. Kamera ya kurekodi mikono ya watoto, unanunua. Nauli za kwenda shule za viziwi, ambazo zimetawanyika kama mbegu zilizomwagika njiani, ni zako. Wa kukusaidia kurekodi anataka kula. Na mwajiri wako anataka uwe darasani wakati huohuo unapotakiwa kuwa safarini.

Msimamizi wangu chuoni, mzee mmoja mwenye kikohozi na moyo mzuri, alinikalisha ofisini kwake katikati ya marundo ya vitabu.

"Mwalimu, umelipa ada, hongera. Utafiti utaufanya kwa nini? Kwa mate?"

"Nitauza jokofu."

"Likiisha jokofu?"

"Kitanda. Nitalalia vitabu."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Alipotulia, hakuwa anacheka tena.

"Nimesimamia wanafunzi wengi. Waliokwama kwa kukosa akili ni wachache sana. Wengi walikwama kwa kukosa nauli. Sitaki uwe mmoja wao. Sikiliza. Kuna mfuko wa ufadhili umefunguliwa hapa chuoni. Unalipa ada, unalipa utafiti, na unakufidia mshahara ukichukua likizo bila malipo. Anapewa mtu mmoja tu kwa mwaka. Nimelipeleka jina lako, nao wamelipokea. Wanakuita kwenye usaili."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikasahau kwamba yeye ni profesa.

Usaili ukaangukia siku ya shule. Mwalimu mkuu, ambaye aliletwa kwetu bila kujua lugha ya alama, aliposikia akatikisa kichwa kabla sijamaliza ombi.

"Mitihani iko karibu. Ukiondoka, nani atashika darasa lako?"

"Huyu hapa," nikasema.

Nyuma yangu alisimama mwalimu wa useremala, rafiki yangu wa siku nyingi, kiziwi tangu utoto. Alikuwa ameshayasoma maneno ya mwalimu mkuu kwenye midomo yake. Akaanza kunena kwa mikono, akanena sana, na mwishowe akachora kitu hewani juu ya kichwa chake.

"Anasema atawafundisha kwa kupima mbao," nikatafsiri. "Hesabu ni hesabu."

Mwalimu mkuu akatutazama kwa mashaka. "Mbona yeye amesema mengi, wewe umetafsiri machache?"

"Lugha ya alama ina salamu nyingi, mwalimu mkuu."

Ukweli ni kwamba rafiki yangu alikuwa amesema nywele za mwalimu mkuu zimekaa kama brashi ya kupakia rangi. Tungetafsiri kila kitu, shule ingefungwa.

"Nenda," mwalimu mkuu akasema. "Ila ukirudi mikono mitupu, usiniombe ruhusa tena mpaka nistaafu."

Tulipotoka, seremala wangu akanigusa bega. Akasema kwa mikono: "Huendi peke yako. Unakwenda na midomo yetu." Kisha akafuta jicho kwa haraka, akasingizia vumbi la mbao. Na hapo karakana ilikuwa mbali.

*

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, feni iliyozunguka kwa kulalamika, na chupa ya maji mbele ya kila mjumbe. Mwenyekiti alikuwa mama profesa mwenye nywele fupi nyeupe na miwani iliyoning'inia kifuani. Pembeni yake katibu na kompyuta yake. Kisha wajumbe wawili wanaume ambao sikuwafahamu.

Mjumbe wa tatu alikuwa ameinamia karatasi. Kitu cha kwanza nilichokitambua kilikuwa tai. Ya bluu, yenye mistari myembamba. Niliinunua mimi.

Akainua uso. Mume wangu.

Nilishika mgongo wa kiti.

"Karibu, mwombaji," mwenyekiti akasema. "Samahani, mjumbe wetu mmoja ni mgonjwa, Daktari huyu amekubali kuketi badala yake."

Amekubali! Kumbe majina ya waombaji alishapewa. Kwenye karatasi za chuo natumia jina la marehemu baba yangu, ndiyo maana wengine hawakushtuka. Lakini yeye jina la baba mkwe wake analijua vizuri. Alikuja akijua anayekuja ni mimi.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Kabla hatujaanza, utaratibu wetu. Kuna mjumbe yeyote mwenye undugu au uhusiano na mwombaji? Kama yupo, aseme na atoke."

Nikamtazama mume wangu. Nilingoja anyanyuke.

Hakunyanyuka. Alikuwa anatazama karatasi zake, ametulia kama picha yake ya mahafali. Ila mkono wake wa kushoto, pale juu ya meza, ukaanza kusogea taratibu.

Lugha ya alama nilimfundisha mwenyewe enzi za uchumba. Tulikuwa tukisengenya watu kwenye sherehe bila kufungua midomo. Ndiyo lugha aliyonitamkia kwa mara ya kwanza kwamba ananipenda, kituo cha basi, watu wamejaa na hakuna aliyejua. Na sasa vidole vilevile vilikuwa vinaniambia, kidogokidogo, kando ya chupa ya maji:

"Kaa kimya. Kura yangu yako."

Vikatulia. Kisha vikaongeza:

"Nyumba niachie."

Nyumba? Sikumwelewa. Nyumba yetu tumeijenga pamoja, hati ina jina lake, na jasho lililomo ndani ni langu. Aachiwe nyumba anakwenda wapi, au ninakwenda wapi mimi?

"Hakuna?" mwenyekiti akauliza tena, akiwatazama wajumbe mmoja mmoja.

Nakiri mbele yenu nyote. Nilinyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu niliona kila kitu kimepangwa mezani. Ada mpaka mwisho. Kamera. Nauli. Mwaka mzima bila kupigizana kelele na mwalimu mkuu. Kura moja tu, na kimya kidogo, kimya ambacho mimi nakaa nacho kazini kila siku. Nilikuwa nimechoka, jamani. Asiyewahi kuuza kochi lake alipie ada asinihukumu.

Lakini nikautazama tena ule mkono. Ulikuwa umejilaza juu ya meza, umeridhika, kama mkono wa mtu aliyemaliza kulipa. Nikajua siku nitakayovaa joho langu, mkono ule utakuwa umelishika pindo. Kila nitakapoitwa Daktari, atanikumbusha nani alinipa. Mimi nimemlipia udaktari wake na sikumdai hata asante. Yeye anataka kunipa wangu kwa mkopo usioisha!

Hapana. Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga, tena mchana kweupe.

"Mama mwenyekiti," nikasema, "yupo."

Feni ikalalamika.

"Yupo nani?"

"Mwenye uhusiano. Yule Daktari mwenye tai ya bluu ni mume wangu."

Wajumbe wakageuka wote kwa pamoja. Katibu akaacha kuandika. Mwenyekiti akavua miwani polepole.

"Daktari? Ni kweli?"

Nilitarajia ababaike. Nilitarajia jasho. Mume wangu akakunja karatasi zake, akanyoosha tai, akaongea kwa sauti laini kuliko hariri.

"Mama mwenyekiti, nilinyamaza kumlindia mwombaji faragha yake. Si mke wangu tena. Tumeachana. Shauri la talaka nimelifungua mahakamani, na yeye hajalipinga."

Tumeachana!

Habari ya talaka yangu nilikuwa naisikia kwenye usaili wa ufadhili. Wengine huambiwa chumbani, wengine kwa wazee. Mimi niliambiwa mbele ya katibu na chupa za maji. Ndipo semina nikaielewa. Ndipo pasi nikaielewa. Na ile "nyumba niachie" ikanishuka kichwani kama tofali.

"Nitapingaje nisichokijua?" nikasema. "Nani aliniambia?"

"Utulivu, tafadhali," mwenyekiti akasema. Hakuwa mkali, ila hakuwa na muda. Akanong'ona na katibu, katibu akamwonyesha kitu kwenye kompyuta, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mwombaji, nisikilize vizuri. Mimi si hakimu, mambo ya ndoa yenu siyawezi. Ila kanuni za mfuko huu ni ngumu. Kama huyu ni mumeo, anatoka. Akitoka tunabaki pungufu, kikao kinavunjika, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuamua. Ombi lako litasubiri mwaka ujao."

"Na kama si mume wangu?"

"Kama unakubali kwamba mmeachana, katibu ataandika hivyo, Daktari atabaki kwenye kiti chake, na tutaendelea. Uamuzi ni wako. Nahitaji neno moja. Ni mumeo, au si mumeo?"

Mmeuona mtego? Nikisema ni mume wangu, masomo yamekufa, maana mwaka ujao sina tena cha kuuza. Nikisema si mume wangu, maneno yangu yameandikwa chuoni kwa muhuri, naye atayabeba mpaka mahakamani: mama huyu mwenyewe amekiri. Shauri litapita bila kupingwa, na nyumba, yenye hati ya jina lake, itakwenda. Na kura bado iko mkononi mwake, ataipiga atakavyo.

Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Sishangai. Masomo yake nilimlipia mwenyewe.

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. Vidole vyake vikasogea tena, bila hofu, kama mtu anayepigapiga meza kwa kungoja.

"Sema si mume. Kura yako. Haraka."

Mjumbe mmoja akatazama saa. Mwenyekiti akaegemea mbele.

"Mwombaji?"

Nikavuta kiti. Nikakaa bila kukaribishwa, nikaweka mkoba wangu juu ya meza yao.

"Katibu," nikasema, "andika, nami nitasema taratibu ili usiache neno. Mume wangu, na bado ni mume wangu mpaka hakimu aseme, amenihonga humu ndani. Mara mbili. Ya kwanza kabla sijamtaja, ya pili sasa hivi. Ametaka nyumba yetu, mimi nipate kura yake. Ameyasema mbele ya macho yenu nyote, kwa lugha ninayokuja kuwaomba fedha niichunguze, na hakuna hata mmoja wenu aliyesikia."

Chupa ya maji ya mjumbe mmoja ikaanguka, ikabingirika mpaka mwisho wa meza. Hakuna aliyeiokota.

Uso wa mwenyekiti ukabadilika. Hakuniangalia tena kama mwombaji.

"Mama, hilo ni shtaka zito juu ya mwalimu wa chuo hiki. Ukishindwa kulithibitisha, ufadhili utakuwa ndio mdogo katika utakavyovikosa. Hata usajili wako utafutwa leo hii. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama mwenyekiti."

"Basi thibitisha. Nani mwingine humu aliyeyaona maneno hayo?"

Nikageuka kumtazama mume wangu. Wote wakageuka kumtazama.

Alikuwa ameitia mikono yake yote miwili mifukoni.